Upana wa Uwanja

Mimi ndiye niliyeuchoma uwanja wa Laguna Pytã. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote wa mtaa wetu angekueleza kabla sijafungua mdomo, na aibu yangu afadhali uisikie kwangu mwenyewe. Miaka ishirini na mbili iliyopita, wiki yangu ya kwanza ya kuchora mistari, nilichukua chokaa mbichi, ile ambayo haijamwagiwa maji ikachemka na kutulia, nikaimwaga vilevile ilivyo kuzunguka uwanja mzima. Mvua ikanyesha. Kesho yake nyasi zilizokuwa chini ya mistari yangu zilikuwa zimeungua mpaka mizizi, na tangu hapo hazijaota tena.

Palibaki udongo mtupu, mwekundu, mpana kama viganja viwili. Gurudumu la kitoroli changu likapita hapohapo kila Jumamosi, mvua nazo zikapita, mpaka mstari ukawa mfereji mdogo unaozamisha vidole vitatu. Nilichekwa miaka mingi. Lakini vijana wetu wamekulia juu ya mfereji ule, na winga wa Laguna Pytã anaweza kukimbia macho yake yakiwa mawinguni, mguu ukiugusa tu anajua amefika ukingoni.

Mwezi wa saba tukaletewa kocha mpya, Evelio Zarza, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kufundisha timu kubwa za Asunción, mji mkuu, na halisahau hilo hata akiwa anafunga kamba za viatu. Alitukuta mkiani mwa ligi, tumefungwa mabao kumi na tisa katika mechi nane. Siku ya pili akaja kunitafuta kibandani kwangu.

"Ña Deo," akasema. Jina langu ni Deolinda, lakini hapa mwanamke wa umri wangu ni Ña kwa kila mtu. "Huu uwanja una upana gani?"

"Mita sabini na mbili. Tangu babu zetu."

"Ingiza mistari ndani mita nne kila upande."

"Mbona, Kocha? Tumepungukiwa chokaa?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba sheria ya ligi yetu inataka upana usipungue mita sitini na nne, na kuanzia hapo ni hiari ya mwenyeji. Mabeki wetu ni wazito, akasema, na mzito hachezeshwi kwenye uwanja mpana kama shamba. Tubanane katikati, tuvizie kona na mipira ya kurusha. Sikupenda, ila kazi yangu ni kitoroli. Nikachora mistari mipya ndani, na mfereji wangu ukabaki nje kama kovu.

Nisimsingizie mtu: mabao yakapungua. Katika mechi tisa za nyumbani tulipoteza tatu, sita tukatoka sare, nyingi bila bao hata moja. Lakini sare haikushibishi, inakuzuia tu usife leo. Na watu wakaacha kusimama. Mimi hukaa pembeni ya jukwaa na kitoroli changu, naliona jukwaa lote, na katika mechi tisa zile sikumwona mtu akinyanyuka kitini isipokuwa kwenda kununua chipa, mkate wetu wa jibini.

Aliyeumia zaidi ni Derlis Ovelar, winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka ishirini na nne mwenye mbio za kuku anayejua kuna mgeni nyumbani. Kila akipokea mpira alikimbilia mfereji, maana miguu yake ilikuwa imezoea huko, na kila mara kibendera kikapanda: mpira umetoka. Kocha akamwita kichwa kigumu mbele ya wenzake. Derlis akamjibu kwamba hawezi kucheza mpira ndani ya korido. Kuanzia siku ile akakaa benchi.

Ndivyo tulivyofika wiki ya mwisho ya msimu. Jumapili tunacheza na Atlético Mbokaja, hapa hapa nyumbani. Wao walituzidi pointi moja. Tukishinda, wanashuka daraja wao. Sare au kufungwa, tunashuka sisi, kwa mara ya kwanza katika miaka tisini na moja ya klabu.

Alhamisi, baada ya mazoezi, tulikaa kwenye kivuli cha jukwaa kunywa tereré, chai yetu ya majani na maji ya barafu, kama kawaida. Mimi ndiye ninayemimina. Kwetu pembe ya kunywea ikikufikia unakunywa, unairudisha kimya, na zamu yako ikizunguka unaletewa tena. Ukisema asante, maana yake umetosheka, umejitoa. Kocha naye alikuwepo, na hapo kila mtu huongea bila cheo.

Derlis alipopata pembe aliinywa mpaka barafu ikalia. "Kocha, Mbokaja wamefanya mazoezi wiki nzima kwenye uwanja mwembamba. Binamu yangu amewaona. Wameweka koni, wamepima mita sitini na nne kamili. Wanakuja na dawa yetu mfukoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tupanue."

"Tupanue ili wewe ukimbie," Kocha akasema. "Timu nzima ishuke daraja ili Ovelar apate pa kunyooshea miguu."

Vijana wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumwogopa bosi. Wote wakamtazama Cantalicio Rojas. Cantalicio ni nahodha, beki wa kati, miaka thelathini na sita, goti moja la kwake na jingine la daktari. Mechi ya Jumapili ilikuwa ya mwisho kwake, kila mtu alijua.

"Mimi ndiye mzito mnayemsema," akaanza taratibu. "Uwanja ukipanuliwa watanipita kama mlango wa soko. Watu watanicheka siku yangu ya kuaga." Akanirudishia pembe. "Lakini mechi hii lazima tushinde, Kocha. Na kwenye korido hatujui kushinda. Tunajua kutofungwa, basi. Panua."

Nikamimina, nikampa Kocha. Akanywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akanirudishia.

"Asante," akasema.

Mazungumzo yamekwisha, ndiyo maana yake, na hata pembe haitaki tena. Akaanza kunyanyuka. Na mimi, ambaye kwa miaka ishirini na mbili sikuwahi kumpangia kocha hata mmoja, hasira ikanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

"Kocha, nitachora kwenye mfereji," nikasema.

"Nini?"

"Mita sabini na mbili. Nakuambia leo Alhamisi, mbele ya watu, usije ukasema nilikunyemelea. Nimekuchorea korido mara tisa. Hii ya kumi sichori."

"Ña Deo, wewe ni mchora mistari."

"Ndiyo, na mistari ndiyo hiyo."

Uso wake ukabadilika rangi. "Ukigusa mstari hata kwa upana wa kidole, Jumatatu huna kazi."

"Basi Jumatatu sina kazi. Jumapili ninayo."

Akaondoka. Derlis alitaka kunikumbatia, nikamkemea: "Kaa chini, we mtoto. Ukipewa hiyo nafasi ukaichezea, nitakuchapa kwa mpini wa kitoroli." Nilikuwa na miaka hamsini na nane, na kazi nyingine siijui.

Jumamosi nikapanua. Nilianzia kona ya kaskazini, gurudumu likadondoka ndani ya mfereji na kutulia, kama mguu unaorudi kwenye kiatu cha zamani. Sikuhitaji hata kamba. Nikang'oa vibendera vya kona, nikavipeleka kwenye mashimo yake ya siku zote.

Jumapili saa kumi jua lilikuwa linakaanga watu, na upande wa mto mawingu meusi yanajikusanya. Kocha alifika mapema, akasimama katikati ya uwanja, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alipoanza kunijia, mwamuzi alikuwa ameshafika pembeni na futi yake. Akapima na wasaidizi wake, akaandika.

"Sabini na mbili. Iko sawa," mwamuzi akasema. "Ndiyo hii, Kocha?"

Angeweza kukataa. Angeweza kunishtaki palepale, tukafuta tukachora upya, mechi ikachelewa, klabu ikachekwa. Akanitazama kwa muda mrefu, mshipa wa shingo umemtoka. "Ndiyo hii," akasema. Kisha akasoma kikosi chake, na Derlis yuko benchi. Nikasema moyoni, mkaidi huyu angekataa mwavuli kwenye mvua kwa sababu ameletewa na mtu mwingine.

Kipindi cha kwanza ndicho kilichonitia adabu. Uwanja mpana bila winga ni nyumba kubwa bila watu. Mbokaja walishangaa dakika kumi, wakazoea, wakaanza kutupitia pembeni. Dakika ya thelathini na moja winga wao akampita Cantalicio kwa nje. Nahodha wetu akageuka kama lori kwenye uchochoro, na mpira ukawa wavuni. Moja bila.

"Ña Deo, umewafungulia mlango!" mtu akapiga kelele jukwaani.

"Mchome tena huo uwanja!"

Nikainamisha kichwa. Sitakudanganya, wakati ule niliamini nimeishusha klabu kwa mikono yangu. Miaka tisini na moja, na mwisho wake nitatajwa mimi, mwanamke aliyechoma nyasi halafu akachoma timu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kitoroli.

Mapumzikoni mvua ikashuka, ile ya kwetu ya mwezi wa kumi na moja, isiyobisha hodi. Nilikimbilia kwenye mlango wa chumba cha wachezaji kujikinga, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani Cantalicio alikuwa amesimama mbele ya Kocha, amevua kitambaa cha unahodha.

"Nitoe," alikuwa anasema.

"Kaa chini, Rojas. Hunipangii timu."

"Sikupangii. Nakuomba. Bao limepita kwangu, na jingine litapita kwangu. Mtoe mzee, mwingize mwenye miguu."

"Ni mechi yako ya mwisho."

"Najua ni ya mwisho, Kocha! Mimi ndiye ninayeicheza!" Sauti ikamkatika. "Unadhani nataka kukaa benchi mke wangu ananiangalia? Lakini wewe umemkasirikia mchora mistari, umemkasirikia Ovelar, na dakika arobaini na tano umezitumia kutuonyesha kwamba ulikuwa sahihi. Sawa, ulikuwa sahihi. Tunafungwa. Umefurahi?"

Mvua tu ilikuwa inapiga bati. Kocha alitazama sakafu, akatazama kile kitambaa mkononi mwa nahodha. Nilimwona akimeza mate, na nadhani alichomeza siku ile kilikuwa kikubwa kuliko koo lake.

"Ovelar," akasema. "Vaa."

Cantalicio akamfunga Derlis kitambaa mkononi yeye mwenyewe, akamzaba kofi la mgongo lililosikika mpaka nje.

Mvua ilipopungua mwamuzi akaniita nirudishie mistari. Nikasukuma kitoroli, lakini chokaa ilikuwa inatiririka kama maziwa yaliyomwagika. Nikipaka huku, kule inaondoka. "Acha," mwamuzi akasema mwishowe, "vibendera vya kona vinatosha." Weupe wote ukaoshwa. Pembeni ya uwanja palibaki mfereji wangu peke yake, umejaa maji, mwekundu.

Sasa Derlis akapata uwanja wake. Dakika ya hamsini na nane alimtoka beki wao wa kulia mara moja, mara mbili, akamimina krosi, na mshambuliaji wetu Fulgencio akaiweka kwa kichwa. Moja moja. Watu walisimama, jukwaa zima, na sikumwona hata mmoja akienda kwa muuza chipa. Lakini saa ilikuwa inakimbia, na sare ni kifo chetu. Mbokaja wakarudi wote nyuma. Kocha alikuwa amelowa mpaka soksi, anapiga kelele akionyesha pembeni kwa mikono yote miwili, "Panua! Panua!" kana kwamba neno hilo amelizaa yeye.

Dakika ya themanini na sita kipa wetu aliupiga mbele mpira wa kukata tamaa, mrefu, kuelekea kushoto. Ulikuwa unatoka nje. Mimi niliona unatoka, jukwaa liliona unatoka, na yule beki wa kulia wa Mbokaja, aliyefundishwa wiki nzima kwamba uwanja wa Laguna Pytã unaishia mita nne kabla ya pale, na sasa hana chokaa ya kumkumbusha, alisimama kabisa na kunyoosha mkono kudai mpira wa kurusha.

Mpira ukadunda mara mbili, ukaingia kwenye mfereji. Na haukutoka. Ukanaswa mle ndani, ukapunguza mwendo kwenye maji, ukaendelea kubingirika juu ya mstari, kwenye mstari wenyewe, mbele yangu kabisa, karibu niuguse. Mstari ni sehemu ya uwanja. Mshika kibendera alikuwa anakimbia sambamba nao macho yamemtoka, kibendera kiko chini, kiko chini, kiko chini.

Derlis hakutazama kibendera. Alikuja na mbio zake, mguu ukapiga maji mekundu, akauchomoa mpira mferejini na kukata ndani. Beki bado mkono uko juu. Kipa wao akatoka, Derlis akampitishia Fulgencio pembeni, na Fulgencio, nyavu zikiwa wazi kama mlango wa kanisa, hakuwa na dhambi ya kukosa. Mbili moja.

Sikumbuki dakika za mwisho. Nakumbuka nimeshikilia mpini wa kitoroli na nalia kwa sauti kama mtoto, nikimtukana kila aliyewahi kunicheka kwa sababu ya chokaa ile. Filimbi ilipolia Cantalicio alitoka benchi akikimbia, goti la daktari na lake, akaja moja kwa moja kwangu na kuniinua pamoja na uchafu wangu wote.

Jumatatu Kocha alikuja kibandani.

"Nilisema," akasema.

"Ulisema," nikajibu.

"Mwamuzi alipouliza, sikukusaliti. Lakini nisipotimiza neno langu, mwakani kila mtu atajichorea uwanja wake."

Nikamkabidhi funguo. Sikumlilia. Mtu mwenye neno moja namheshimu, hata neno lenyewe likiwa la kunifukuza. "Chokaa iko kwenye pipa," nikamwambia. "Usiikoroge kwa mkono."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi ya wazee wa zamani ya kufunga msimu, na uwanja haujachorwa. Vijana wote ambao Kocha aliwaomba wachore walikuwa na maumivu ya mgongo. Kila mmoja, ugonjwa mmoja, siku moja. Basi Evelio Zarza akakunja suruali yake na kushika kitoroli mwenyewe. Mimi nilikaa jukwaani na chupa yangu ya maji ya barafu, kivulini, kama mwananchi yeyote aliyekuja kutazama mpira.

Alipima mita nne kuingia ndani. Ndiyo, baada ya yote yale! Akaanza kusukuma. Kitoroli kile kinavuta kushoto, gurudumu limelegea tangu zamani, na mstari wake ukaenda kama mlevi anayetafuta nyumba. Akarudi, akaanza upya. Sasa palikuwa na walevi wawili. Watu wakaanza kujaa, wanacheka waziwazi. Derlis alimwita, "Kocha, huo ni mstari au ni ile barabara ya kona kona ya kwenda Caacupé?"

Akasimama katikati ya vituko vyake, jasho linamtiririka, chokaa mpaka magotini. Akatazama mfereji. Akanitazama mimi kule juu. Nikanywa tereré yangu, nikatazama mawingu.

Kisha akasukuma kitoroli hadi pembeni. Gurudumu likadondoka mferejini, nikalisikia toka nilipokaa. Akavuta, akasukuma, na mstari ukanyooka kutoka kona hadi kona bila yeye kufanya lolote. Alimaliza pande zote bila kupumzika, na hakuna aliyecheka tena.

Akapanda jukwaani polepole, akakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Nikamimina pembe, nikampa. Akainywa mpaka ikalia, akanirudishia. Hakusema asante.

"Jumatatu utakuja?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sisikii. Jukwaa lina kelele."

Akageuka, akaongea kwa sauti ya kupangia mabeki, Cantalicio na Derlis na mtaa mzima wakasikia: "Ña Deo, nakuomba urudi kazini."

"Mita sabini na mbili," nikasema.

"Sabini na mbili. Mimina, mama, nina kiu."

Nikamimina.